Chakula ninachomwaga bwawani kinakwenda wapi?

*"Nina bwawa la mita 20 kwa 15, kina mita moja, huku Mvomero. Miezi mitano iliyopita nilipandikiza vifaranga 900 vya sato. Kila asubuhi nawapa kilo 3 za pumba za mahindi, na kila Jumamosi namwaga viroba viwili vya samadi kavu ya kuku, kila kiroba kilo 25. Maji yamekuwa ya kijani mazito. Nikitumbukiza mkono, vidole vinapotea kabla maji hayajafika kwenye kifundo. Alfajiri samaki wanajaa juu wanatweta, jua likipanda wanashuka. Nilivua kumi nikawapima, walikuwa wa gramu 70 hivi tu, na kuna vifaranga kibao ambavyo sikuviweka mimi. Jirani ananiambia niongeze samadi wanenepe. Mwingine anasema nifungulie maji yote, nianze upya. Kwenye mafunzo tuliambiwa bwawa ni mzunguko, hakuna kinachopotea. Sasa mbona chakula ni kingi namna hii na samaki siwaoni? Kimekwenda wapi?"*

Swali lako la mwisho ndilo lililobeba mengine yote, na nitalijibu kwa hesabu. Ila kwa kuwa samaki wanatweta, la haraka litangulie: Jumamosi hii usimwage samadi, na kuanzia kesho usiwape pumba mpaka saa 4 asubuhi, jua likiwa limekolea. Wala usifungulie maji yote. Sababu zinakuja.

Ulichoambiwa mafunzoni ni kweli kwa upande mmoja tu, na upande uliobaki ndio unaokutesa. Bwawani vinapita vitu viwili. Kuna virutubisho, yaani naitrojeni, fosforasi, kaboni na wenzake. Hivi kweli vinazunguka, vinatoka kwenye samadi kwenda kwenye maji, kwenye mwani (vimea vidogo mno vinavyoyapa maji ukijani), kwenye samaki, kwenye tope, na kurudi tena kwenye maji. Halafu kuna nishati, ile nguvu iliyomo ndani ya chakula ambayo kwayo kiumbe anaogelea, anakua na kuzaa. Nishati haizunguki. Inaingia na jua au na pumba, inapita kwa viumbe mmoja baada ya mwingine, na kila anayeigusa anaibadilisha sehemu kubwa kuwa joto linalopotelea majini na hewani. Joto hilo hakuna mwani wala samaki anayeweza kulila tena. Kwa hiyo kila siku bwawa linahitaji nishati mpya, ilhali virutubisho vya mwezi uliopita bado vimo humo humo, vinaongezeka.

Sasa hesabu. Kwa siku 150 umeingiza pumba kilo 450, na samadi imezidi kilo 1,000. Samaki 900 wa gramu 70, tukichukulia wote wapo, ni kilo 63. Tufuate naitrojeni peke yake, kwa sababu ndiyo inayojenga protini. Pumba za mahindi zina protini kama sehemu 10 kati ya 100, na ukigawa protini kwa 6.25 unapata naitrojeni. Kilo 450 zimeleta kilo 7 hivi. Samadi kavu ya kuku, kutegemea maranda yaliyochanganyika humo, ina naitrojeni ya sehemu 2 hadi 3 kati ya 100, kwa hiyo imeleta kama kilo 25. Jumla kilo 32. Katika miili ya samaki wako wote naitrojeni iliyomo ni kilo moja na nusu au zaidi kidogo. Kwa makadirio hayo, sehemu 95 kati ya 100 haimo kwenye samaki. Nyingine imerudi hewani kama gesi, nyingine imo kwenye ule ukijani, na nyingine imelala kwenye tope. Fosforasi yenyewe haina njia ya hewani, hivyo karibu yote imebaki chini, imeshikwa na udongo. Ndiyo maana nasema bwawa lako halina njaa ya mbolea. Lina akiba ya kutosha hata usipoongeza kijiko kwa wiki kadhaa.

Upande wa nishati picha ni nyingine. Katika mwanga wote unaoangukia bwawa, mwani unanasa kama sehemu moja kati ya mia. Inaonekana kidogo, lakini kwenye bwawa la mita za mraba 300 lenye kijani kizuri na joto kama la kwenu, hiyo sehemu moja inatengeneza takriban kilo 3 za chakula kikavu kwa siku. Ni sawasawa na pumba unazomwaga. Yaani jua linakuletea bure kiasi kile kile unachonunua mashineni. Ukijumlisha vyote kwa siku 150, ni kilo 900 za chakula kikavu, bila kuhesabu samadi. Samaki wako wakikaushwa, kwa kuwa robo tatu ya mwili wao ni maji, ni kilo 16. Chini ya sehemu mbili kati ya mia.

Zile nyingine zimechomwa. Mwani wenyewe unatumia sehemu kubwa ya ulichotengeneza ili uishi usiku. Vidudu vidogo vinavyokula mwani vinachoma sehemu yao. Bakteria wa kwenye tope wanachoma pumba zilizozama. Kila ngazi ya ulaji, kama kipimo cha jumla, kinachofika juu ni sehemu 10 kati ya 100. Wakati mwingine 5, wakati mwingine hata 20. Mwani kilo 100 unatoa vidudu kilo 10, na vidudu kilo 10 vinatoa kilo moja ya samaki anayevila. Uzuri wa sato ni kwamba anaweza kuruka ngazi: anachuja na kula mwani wenyewe, na ndiyo maana bwawa dogo linaweza kulisha sato wengi kuliko samaki mla samaki kama sangara, ambaye kila kilo yake imepita kwenye matumbo ya wengine kwanza. Huo ndio utajiri wa kufuga sato, na unapungua pale mwani wake unapokosa mwanga au yeye mwenyewe anapokosa hewa.

Hapo tunafika kwa jirani yako wa kwanza. Samadi huongeza samaki pale tu ambapo virutubisho ndivyo vilivyopungua. Kwako kilichopungua ni mwanga ndani ya maji. Mwani ukiwa mzito kiasi cha vidole kupotea kwenye sentimita 10, mwanga wa maana unafika kama sentimita 20 tu. Katika mita moja ya maji, sentimita 20 za juu zinatengeneza chakula na hewa, na 80 zilizo chini ni giza linalokula tu. Ukiongeza samadi, mwani wa juu unazidi kuuzibia mwani wa chini, na chakula hakiongezeki.

Kinachoongezeka ni deni la oksijeni. Bwawa lako lina maji ya ujazo wa mita 300. Katika joto la nyuzi 26, lita moja ya maji ikishiba hewa inabeba miligramu 8 hivi za oksijeni. Bwawa zima, kwa hiyo, lina oksijeni kilo 2.4. Mchana mwani ukifanya kazi inaweza kupanda hadi kilo 4. Sasa linganisha: kilo moja ya mabaki makavu ikioza yote inakula takriban kilo moja ya oksijeni. Wewe Jumamosi unamwaga kilo 50 kwa mkupuo. Haziozi kwa usiku mmoja, lakini hata zikioza kilo mbili tu kati yake, umekwisha kugusa akiba nzima. Samaki wenyewe, kilo 63, usiku mzima wanatumia gramu 200 hivi, kidogo mno. Wanaomaliza hewa ni mwani ule ule, ambao gizani hauzalishi oksijeni bali unaivuta, pamoja na bakteria wa tope. Saa 11 alfajiri ndipo deni linapofika kilele: muda wa saa kama 11 umepita bila jua, kila kiumbe anavuta, hakuna anayetoa. Sato anavumilia hata chini ya miligramu 1 kwa lita kwa muda mfupi, ndiyo sababu hujaona mizoga. Lakini chini ya 3 anaacha kula vizuri, na nishati aliyokula jana anaitumia kuhema. Samaki anayetweta kila alfajiri hanenepi, hata umpe nini.

Na vile vifaranga. Sato wakibanana na kudumaa huanza kuzaa mapema, wakiwa na gramu 30 hadi 50 tu. Jike anatamia mayai mdomoni, na katika wiki moja hadi mbili hizo hali kitu; kila anachokula baada ya hapo kinakwenda kwenye mayai mengine. Samaki 3 kwa mita ya mraba ni wengi kwa bwawa la pumba na samadi lisilo na mashine ya hewa, na sasa huenda idadi imepita hapo mara kadhaa. Chakula ulichokusudia kiwe minofu ya samaki 900 kinagawiwa kwa vinywa ambavyo hujui hata ni vingapi.

Ushauri wa jirani wa pili, kufungulia yote, nauelewa, maana ukiyatazama maji yale yanatisha. Lakini kwenye maji hayo ndimo kilimo chako cha mwani kilipo, na kwenye ukingo wa bwawa nje kuna mto wa watu wengine. Maji hayo yakiingia kijitoni kwa mkupuo, alfajiri yako inahamia huko: mwani unakufa, unaoza, unamaliza hewa ya samaki wa mtoni. Kama ni kuyatoa, yatoke kwa vipande, yaende kwenye migomba au bustani. Huko naitrojeni ile ni mali.

Fanya hivi. Kwa siku tatu mfululizo punguza maji ya chini, sentimita 10 kwa siku, kwa bomba la kutolea lililoko chini au kwa mpira wa kunyonyea uliozamishwa karibu na sakafu lakini usiogusa tope. Ya chini, si ya juu: ya juu ndiyo yenye hewa, ya chini ndiyo yenye amonia (naitrojeni inayotoka kwenye kinyesi na uozo) na gesi ya mayai viza. Toa mchana. Maji mapya yaingie kati ya saa 8 usiku na saa 1 asubuhi, saa ambazo samaki wanayahitaji, na yaanguke kutoka juu kama futi moja ili yapigane na hewa kabla ya kufika. Funga wavu wa matundu madogo mdomoni mwa bomba. Kama huna maji ya kuingiza, pampu ndogo inayochota maji ya bwawa na kuyarusha juu yakiwa mvua inasaidia karibu sawa na hiyo. Usikoroge tope. Na tafadhali, usishawishike kuua ule ukijani kwa mrututu au dawa nyingine. Mwani ukifa wote kwa pamoja unaoza wote kwa pamoja, na hiyo ndiyo njia ya haraka ya kuamka ukute samaki wote wanaelea.

Samadi isimame mpaka kipimo kikuruhusu. Tengeneza kipimo chenyewe: kifuniko cha ndoo cha upana wa sentimita 20, kipake robo nyeupe robo nyeusi kwa kupishana, kitoboe katikati, pitisha kamba yenye mafundo kila sentimita 10, na chini yake funga jiwe. Kati ya saa 4 na saa 8 mchana, siku yenye jua, kishushe taratibu mpaka kipotee machoni. Kikipotea kwenye sentimita 25 hadi 40, mwani uko pazuri. Chini ya 20, hakuna samadi, na pumba zipungue. Kikionekana kupita 45, hapo ndipo jirani yako wa kwanza anakuwa na haki. Na kiwango chenyewe kwa bwawa lako ni kilo 15 za samadi kavu ya kuku kwa wiki, yaani gramu 50 kwa mita ya mraba. Umekuwa ukimwaga zaidi ya mara tatu ya hapo. Igawe kilo 2 hivi kila siku asubuhi, ndani ya uzio wa miti kwenye kona moja. Siku ya mawingu mazito ruka. Mawingu yakikaa siku mbili, mwani hauzalishi hewa ya kutosha kulipa deni la usiku, na hapo hata bwawa lenye afya linayumba.

Chakula nacho kibadilike. Pumba peke yake zina nishati nyingi lakini protini ni haba, na sato anayekua anataka protini 25 hadi 30 kati ya 100. Kwa kilo 10 za mchanganyiko: pumba 4, mashudu ya alizeti 4, dagaa wa kusaga 2, inakupa kama 25. Dagaa wakipanda bei, weka pumba 3, mashudu 4, na soya 3 iliyokaangwa kabla ya kusagwa. Soya mbichi ina kizuizi kinachozuia samaki kumeng'enya protini, kwa hiyo usiruke kukaanga. Binafsi napendelea soya kwa sato, maana dagaa ni nishati iliyokwisha kupita ngazi mbili tatu ziwani, na watu wanaweza kuila moja kwa moja mezani. Kwa kilo 63 za samaki, asilimia 3 ya uzito ni kilo 2 kwa siku tu. Gawa mara mbili, saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri, mahali pale pale, na simama uone: kisipoisha kwa dakika 15, kesho punguza. Siku walizotweta mpaka saa 2 asubuhi, usiwape kabisa.

Kuhusu vifaranga, kokota wavu mara moja asubuhi iliyochelewa, baada ya wiki mbili hewa ikiwa imetengemaa. Toa vidogo vyote unavyoweza, vikaange au uza kwa wafuga kambale. Unaweza pia kuweka kambale 40 hadi 60 wa sentimita 10 hivi. Sato wako sasa ni wakubwa mno kwao, watakula vifaranga tu. Usiwategemee kama biashara, kwa kuwa kilo 10 za vifaranga zitakupa kilo moja au mbili za kambale. Kazi yao ni kulinda chakula cha wakubwa.

Kusema kweli, mzunguko huu hautakutajirisha. Samaki waliodumaa kwa miezi mitano wanaweza kukua tena wakipata nafasi na hewa, lakini hawafiki pale wangefika. Mimi ningewapa miezi miwili ya matunzo haya, wakifika gramu 120 hadi 150 nivune wote. Bwawa likikauka, ondoa tope mpaka libaki la sentimita 10, lipeleke shambani. Fosforasi yako ya miezi yote imo humo. Mwaga chokaa ya kilimo kilo 30, acha jua likaushe sakafu kwa wiki mbili mpaka ipasuke nyufa za kuingia kidole. Kisha pandikiza 600, madume matupu ukiweza kuyapata.

Kuna hali ambazo maandishi hayatoshi. Samaki wakitweta saa 9 alasiri badala ya alfajiri, tatizo si ukosefu wa hewa bali huenda ni amonia: mchana mwani unavuta hewa ukaa, pH ya maji inapanda (ni kipimo cha uchachu: 7 ni katikati, na ikipanda uchachu unapungua), na amonia inageuka kuwa ile ya sumu. Kwenye pH 7 sehemu yenye sumu haifiki moja kati ya mia. Kwenye pH 9 inazidi theluthi. Maji yakibadilika ghafla kutoka kijani kuwa kahawia na kunuka, mwani umekufa, usiku huo huo unahitaji maji mapya na pampu. Ukiona utando wa kijani-bluu kama rangi iliyomwagika juu ya maji, zuia mifugo isinywe. Vidonda, macho yaliyotoka nje, samaki anayezunguka kama pia, au vifo zaidi ya kumi kwa siku: mwite afisa uvuvi wa halmashauri aje aone kwa macho. Uko karibu na Kituo cha Ukuzaji Viumbe Maji cha Kingolwira na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, usione haya kuwauliza.

Ukienda, nenda na maji. Chukua chupa safi ya nusu lita, saa 11 alfajiri, izamishe mpaka kiwiko ikiwa imefunikwa kwa kidole gumba, iachie ijae humo humo majini na uifunge chini ya maji ili kisibaki kiputo hata kimoja cha hewa. Chukua ya pili hivyo hivyo saa 9 alasiri. Ziandike saa, zifunge kwa kitambaa kibichi, zifike siku hiyo hiyo. Hewa iliyoyeyuka haisubiri safari, kwa hiyo omba pia waje kuipima bwawani kwa kifaa chao. Chupa zitawaonyesha pH na amonia, na tofauti kati ya chupa ya alfajiri na ya alasiri itawaambia mwani wako unafanya kazi kwa nguvu kiasi gani.